Watu wa Mheshimiwa Holloman

Mheshimiwa Craig Holloman hakuwa na desturi ya kumtembelea mtu asiyemhitaji. Kwa hiyo pikapu yake nyeupe ilipokata kona na kuingia uani kwa akina Renner Jumamosi ile asubuhi, bibi kizee Verna Renner, aliyekuwa ameketi dirishani akimenya viazi, alijua kuna jambo.

"Huyo mtoto wa Doris anataka nini hapa?" alimwuliza paka.

Mtoto wa Doris alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na meno meupe kupita umri wake. Alikuwa amekaa katika bunge la jimbo muda mrefu kiasi kwamba watoto wa mji mdogo wa Wexley walidhani Mheshimiwa ndilo jina alilobatizwa. Chaguzi za karibuni hakuwa hata na mpinzani. Mipaka ya eneo lake la uchaguzi alikuwa ameichora yeye na wenzake, wakikata na kuunga kama fundi cherehani anayejishonea suti: huku wameongeza kijiji kinachowapenda, kule wamechopoa mtaa usiowapenda, mpaka ramani ikafanana na kitu kilichokanyagwa na lori. Kisha alisimama majukwaani akawashukuru wananchi kwa imani yao.

Delbert Renner, mtoto wa pekee wa Verna, alikuwa amelala chini ya greda lake akikaza boliti. Alijitoa haraka, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Usijisumbue, Del, usijisumbue," alisema Holloman, akimkabidhi boksi la donati kana kwamba ni msaada wa njaa. "Nilikuwa napita tu. Mama hajambo?"

"Hajambo, Mheshimiwa."

"Bado mkali?"

"Bado."

Holloman alicheka. Alilizunguka greda, akalipiga piga tairi kama mnunuzi wa ng'ombe. Alisifu barabara za kaunti zilivyochongwa vizuri kiangazi hiki. Alikumbushia theluji ya mwaka uliopita, jinsi Del alivyoamka alfajiri na kufungua njia mpaka hospitali. Kisha akashusha sauti, ingawa uani hapakuwa na mtu mwingine.

"Mkeo anafanya kazi sana na zile saini zake."

Del alitazama chini. Mkewe Marlys, mpishi wa shule ya msingi, alikuwa amemaliza kiangazi chote akisimama mlangoni mwa duka la vyakula na ubao mkononi, akiwaomba watu watie saini. Wananchi wakitosha, sheria yao ingewekwa kwenye karatasi ya kura: wabunge wanyang'anywe kalamu ya kuchora mipaka, wapewe raia wa kawaida wasiogombea chochote.

"Mimi simkatazi," alisema Del.

"Na usimkataze! Hii ni nchi huru. Ila jina lako nalo limo humo, Del. Watu wananiuliza. Watu wa kaunti, wale wanaogawa tenda. Wanasema, kwani Renner ana ugomvi na sisi? Nawaambia hapana, Renner ni mtu wetu, labda alisukumwa." Alichomoa karatasi moja mfukoni, akaitandaza juu ya boneti ya pikapu. "Sheria inampa mtu haki ya kubadili mawazo. Ndiyo demokrasia yenyewe. Unaandika hapa tu, jina lako linatoka. Hakuna atakayejua."

"Tenda ya kuondoa theluji inafunguliwa lini?" aliuliza Del, na papo hapo akajichukia kwa kuuliza.

"Mwezi ujao," alisema Holloman kwa upole. Akampa kalamu.

Dirishani, Verna aliona mwanawe akiinama juu ya boneti. Hakuona alichoandika. Aliona tu mgongo wake ulivyojikunja, na kiazi kikamponyoka.

Donati hazikuguswa. Marlys aliporudi na kuuliza zimetoka wapi, Del alisema amezinunua.

*

Haki ya kubadili mawazo ilikuja Wexley na basi dogo. Waliteremka vijana wenye fulana za rangi moja, wameajiriwa na watu wa Holloman, wakaanza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine. Walikuwa na adabu, walisema "mama" na "mzee", na walisema uongo kwa tabasamu ambalo mtu hulipwa ili awe nalo.

Marlys alikuwa akipita nyuma yao kama mtu anayefagia nyuma ya ng'ombe. Jirani yake Twyla Beck, anayekaa ng'ambo ya barabara, alimfungulia mlango nusu.

"Twyla, nimesikia umefuta saini."

"Nisamehe, shoga. Waliniambia watu wa mjini watakuja kupima shamba letu upya."

"Kupima shamba? Ni mipaka ya kura, Twyla! Si mipaka ya shamba!"

"Sasa mimi nitajuaje? Mipaka si mipaka?"

"Nilikaa jikoni kwako nikakueleza. Ukanipa na chai."

"Ulinieleza vizuri," alikubali Twyla. "Lakini yule kijana naye alieleza vizuri." Akatazama viatu vyake. "Halafu mume wangu anauza mbegu kwa kaka yake Holloman. Unajua ilivyo."

Marlys alijua ilivyo. Wexley nzima ilikuwa inajua ilivyo, na kwa kujua huko ndiko Holloman alikokuwa anaishi, ananenepa.

Jioni hiyo mezani alikuwa na hasira hata akaunguza viazi.

"Naelewa mtu akikataa kutia saini," alisema. "Hataki, hataki. Lakini mtu anayetia, halafu akishafokewa kidogo anafuta, huyo ni mtu wa namna gani? Hebu niambie, Del."

Del alikuwa akitafuna. Alitafuna kipande kile cha nyama kana kwamba ni kamba ya kiatu.

"Watu wana shida zao," alisema mwishowe.

"Shida! Sote tuna shida. Mama, wewe ungefuta?"

"Mimi?" Verna aliweka uma chini. "Mimi namngoja yule mtoto kwenye karatasi ya kura tu. Mpinzani awe yeyote. Hata mbuzi. Nitampigia mbuzi, ndipo nife." Alikuwa anamtazama mwanawe anaposema hayo. "Delbert, mbona huli?"

"Nakula, Mama."

*

Kikosi cha zimamoto cha Wexley kilikuwa kila mwaka kinaandaa kifungua kinywa katika ukumbi wa chini ya kanisa, pankeki na soseji, na fedha inayopatikana inanunua mipira ya maji. Marlys alikuwa zamu ya kumimina shira. Alipita kati ya meza na jagi, akiwatania wazee, akiwafuta watoto midomo. Alikuwa na furaha kidogo. Pamoja na kufuta kote kule, hesabu za mwisho zilikuwa zimetangazwa: saini zimetosha, chupuchupu, na sheria itapigiwa kura.

Holloman alisimama, akagonga glasi na kijiko. Aliwashukuru wazimamoto. Alimshukuru Mungu. Alisema kuna watu wa mbali wenye fedha nyingi wanaotaka kuwafundisha wana Wexley jinsi ya kujitawala, na kwa bahati mbaya wamewapata hata baadhi ya majirani zetu wema, ambao nia yao ni njema ila wamedanganywa.

Macho kadhaa yalimwelekea Marlys. Alisimama wima na jagi lake.

"Lakini nataka kumtaja mtu mmoja," aliendelea Holloman, na sauti yake ikalainika kama siagi. "Kwa sababu inahitaji ujasiri, ndugu zangu. Kusimama nyumbani mwako mwenyewe na kusema, hapana, nilikosea. Del Renner, simama kidogo, kaka. Del alikuja kwangu kama mwanamume akafuta jina lake. Mpigieni makofi."

Makofi yalipigwa. Si mengi, kwa kuwa hata waoga wana kiwango chao, lakini yalipigwa. Del hakusimama. Alikaa pale na uma mkononi, masikio yamemwiva, kama mtoto aliyejikojolea darasani.

Holloman hakuwa na sababu ya kufanya vile. Jina lilikuwa limeshafutwa. Alifanya kwa kuwa anaweza, na kwa kuwa mke wa mtu yule alikuwa amesimama mlangoni mwa duka kiangazi kizima bila kumwomba ruhusa.

Marlys angeweza kulitupa jagi. Miaka mingi baadaye bado walikuwepo watu wa kuapa kwamba alilitupa. Hakulitupa. Meza iliyofuata ilikuwa inangoja, na ilikuwa meza ya Mheshimiwa. Alikwenda.

"Shira, Mheshimiwa?"

"Kidogo tu, mama. Daktari ananisumbua."

Alimmiminia kidogo tu. Alimaliza meza zote, akaosha jagi, akalipangusa, akalirudisha kabatini. Ndipo akatoka nje akatapika nyuma ya kanisa.

*

"Ungeniambia," alisema njiani. Del alikuwa anaendesha.

"Ungenikataza."

"Ndiyo. Ningekukataza. Ndiyo kazi ya mke."

"Greda halijalipiwa, Marlys. Nikikosa ile tenda, benki wanalichukua. Dawa za Mama nani ananunua, mshahara wako wa kupika makaroni?"

"Mshahara wangu wa makaroni haujawahi kupigiwa makofi kanisani."

Verna, katikati yao kwenye kiti cha pikapu, mkoba umewekwa magotini, alisema: "Nilikuona dirishani. Nilidhani unasaini risiti." Kisha akaongeza, "Baba yako alikuwa mlevi, lakini hakuwahi kuinama vile."

Tangu siku ile Marlys aliongea na mumewe yale tu ambayo nyumba haiwezi kwenda bila kuyasema. Chumvi iko wapi. Bomba linavuja. Alihamia chumba cha Verna, kwenye kitanda cha kukunja, akidai kwamba bibi anakohoa.

Mwezi wa kumi na moja watu walipiga kura, na sheria ya wananchi ikapita jimbo zima kwa tofauti kubwa. Hata Wexley ilipita. Ndani ya kibanda cha kura, ambako hakuna kaka anayenunua mbegu, Wexley ilikuwa na ushujaa wa kutosha. Marlys alioka keki. Del alipata tenda yake. Nyumba moja ikawa na ushindi mara mbili, na meza ya chakula ikawa kimya kama ya wafiwa.

*

Theluji haikuwa imeyeyuka bunge lilipokaa kuiboresha sheria hiyo. Hilo ndilo neno walilotumia. Kwa mujibu wa maboresho, wale raia wa kawaida wangebaki, wangekutana, wangepewa chai, na wangetoa ushauri. Kalamu ingerudi kwa wabunge. Wananchi walikaribishwa kutoa maoni mbele ya kamati.

Marlys aliogopa barabara kuu wakati wa barafu, kwa hiyo Del alimpeleka mji mkuu. Hawakusemezana njia nzima. Del alikuwa amevaa koti la mazishi, akakaa safu ya nyuma kabisa, kofia mapajani.

Kamati ilikuwa inakula. Walikuwa wameletewa sandwichi, na kila mwananchi aliyesogea kwenye kipaza sauti alihutubia midomo inayotafuna. Holloman alikuwa miongoni mwao, pembeni, akiperuzi simu. Mwenyekiti, mwanamume mwembamba mwenye nyundo ya mbao, alimwita "Marlene Remmer."

"Marlys Renner," alisema. "Mimi ni mpishi wa shule. Sikuja kulia. Nataka kuuliza tu. Tuliwaandikia sheria kwa lugha nyepesi. Watoto ninaowapikia wangeielewa. Tukaipigia kura. Tungeshindwa sisi, mngetuambia nendeni nyumbani, na tungekwenda. Tumeshinda sisi. Mbona hamwendi popote? Mtu akishindwa mchezo halafu akabaki na mpira, huyo kwetu tunamwita..."

Kipaza sauti kilizimwa.

"Muda wako umekwisha, mama. Asante kwa kushiriki."

Alibaki amesimama, mdomo wazi, akionekana mpumbavu, na hiyo ndiyo sababu swichi ile iliwekwa upande wa mwenyekiti. Mbunge mmoja alipangusa haradali kwenye tai.

Ndipo mtu mmoja akaja mbele kwa hatua nzito, akaomba naye apewe nafasi ya kusema. Karani alimwandika. Kipaza sauti kikawashwa.

"Naitwa Delbert Renner. Naendesha greda." Alikohoa. Hakuwa amewahi kuongea mbele ya watu tangu siku ya harusi yake. "Mimi nilifuta saini yangu. Yule pale, Mheshimiwa Holloman, alinishukuru kanisani. Alisema nilibadili mawazo. Sikubadili mawazo. Nilikuwa nataka tenda. Nikafuta, nikapata tenda. Ilikuwa hivyo, hakuna zaidi."

Kutafuna kulikoma. Holloman aliinua macho kutoka kwenye simu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, huyu bwana ana matatizo ya nyumbani," alisema. "Mimi namfahamu."

"Ninayo," alikubali Del. "Ulinipa wewe. Sasa mimi naomba jambo moja. Saini yangu irudi pale ilipokuwa."

Mwenyekiti alitazama karatasi zake, kisha akamtazama karani, kisha dari.

"Bwana Renner, zoezi la saini lilishafungwa. Hakuna utaratibu wa kurudisha."

"Upo wa kufuta."

"Wa kufuta upo."

"Wa kurudisha haupo."

"Haupo."

"Basi mliutengeneza mlango wa kutokea tu," alisema Del. "Nyumba ya namna hiyo hata panya hakai."

Nyundo ilipigwa. Watu wa nyuma walicheka, nyundo ikapigwa tena. Askari wa bunge, mzee aliyechoka, alimshika Del kiwiko kwa heshima na kumtoa. Kamati ilipiga kura kabla mlango haujajifunga, na maboresho yakapita bila shida, kama yalivyokuwa yamekwisha kupita tangu wiki iliyotangulia, chumba cha pili, kwenye chakula kizuri zaidi.

Marlys alimkuta mumewe korido, ameegemea ukuta chini ya picha za magavana.

"Umefunga vifungo vya koti vibaya," alimwambia.

"Nilikuwa na haraka."

Alivifungua vyote, akaanza kuvifunga upya kutoka chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu kanisani. Del alisimama akitazama juu, kidevu kinamcheza.

"Tenda imekwenda," alisema.

"Najua."

*

Ilikwenda. Walipewa vijana wa shemeji yake Holloman, ambao katika baridi iliyofuata walizika sanduku la barua la kila nyumba chini ya theluji. Benki ililifuata greda. Del alipata kazi ya kuendesha basi la shule ile ile ambako mkewe anapika, na asubuhi walikuwa wanakwenda kazini pamoja. Kitanda cha kukunja kilirudi stoo.

Kisha ikatoka ramani mpya. Wabunge waliichora wiki moja, kwa ushauri wa raia wa kawaida ambao hakuna aliyewauliza. Mstari ulikuja kutoka kaskazini, ukafuata barabara ya kwa akina Renner, ukapita katikati yake. Upande wa Twyla Beck ulibaki kwa Holloman. Upande wa Renner, pamoja na mitaa mingine iliyokuwa imeanza kumnong'ona, ulitupwa katika eneo la mji ambao mtu anaufikia baada ya kuendesha gari karibu asubuhi nzima. Kushinda kwa Holloman kulijulikana siku ramani ilipochapishwa. Uchaguzi wenyewe ulikuwa sherehe tu.

Na safari hii alikuwa na mpinzani, mwalimu mstaafu wa kike. Verna alipopata habari za huyo mwalimu alianza kunywa dawa bila kubembelezwa. Hakuna aliyethubutu kumwambia habari za mstari. Marlys alimsukumia Del, Del akamsukumia Marlys, na siku ya uchaguzi ikafika bibi hajui.

Alivaa gauni la buluu. Alipaka rangi ya midomo, kidogo nje ya midomo. Katika kituo cha zimamoto walikuwa wanapigia kura watu wa pande zote mbili za barabara, foleni moja, karatasi mbili tofauti. Verna alipewa yake. Alivaa miwani, akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza, akaisoma nyuma.

"Yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri. "Huyu hapa simjui. Na huyu simjui. Mtoto wa Doris yuko wapi?"

Msimamizi alijifanya anatafuta kalamu. Marlys aliinama sikioni kwa mkwewe.

"Mama, si mbunge wetu tena. Wamehamisha mpaka. Umepita barabarani. Sisi ametuacha nje."

"Nani ametuacha?"

"Yeye. Holloman. Amechora akatuacha."

Verna aliitazama karatasi tena. Mkono uliokuwa na karatasi ulishuka, na Del akasogea haraka kumdaka, akidhani anaanguka. Hakuwa anaanguka. Alikuwa anacheka, kicheko kikavu, cha kukwaruza, kilichomtoa machozi.

"Amenikimbia!" alisema. "Mnasikia? Ana bunge zima, ana askari wa kumfungulia milango, na amenikimbia mimi, na mkongojo wangu huu!"

Mtu mmoja katika foleni alicheka, halafu wengine. Verna aligeuka, akamwona Twyla Beck nyuma yake, ameshika karatasi ya upande ule mwingine, yenye jina linalotafutwa.

"Wewe amekubakisha, Twyla."

"Ndiyo, Mama Verna."

"Unajua kwa nini amekubakisha?"

Twyla aliikunja karatasi yake. Shingo ilikuwa imemwiva mpaka kwenye kola. Watu wote wa barabara ile, waliobakishwa na waliotupwa, walikuwa wanamtazama.

"Anakujua," alisema Verna, na akajikongoja kwenda kuuchagulia mji wa watu mbunge wao.

Twyla aliingia katika kibanda cha pembeni, akavuta pazia. Verna alimaliza, Marlys akamaliza, Del akamaliza, na msimamizi akaita wengine watano. Viatu vya Twyla vilikuwa bado vinaonekana chini ya pazia, vimesimama pale pale.